Damu ni barabara tu: kwa nini VVU vya kwenye ubongo vinaweza kutofautiana na vya kwenye damu (uzi mrefu)

#1 Pipeti

Salaam wakuu.

Wiki iliyopita kwenye uzi mwingine kijana mmoja aliuliza: kama majibu yake yanasema virusi havionekani, kwa nini asipumzike dawa hata miezi miwili? Aliishia kutukanwa, na mmoja akamwekea aya za maandiko. Hakuna aliyemjibu. Nilikuwa zamu ya usiku, nikasoma, nikanyamaza, halafu ikanisumbua siku tatu. Uzi huu ni wake, popote alipo. Utakuwa mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, simwandikii mtu dawa. Nimekaa miaka na mashine zinazosoma jeni za VVU herufi kwa herufi. Kazi hiyo ilinionyesha jambo ambalo sijawahi kusikia likielezwa kwenye benchi la kliniki: mwenye VVU hana kirusi kimoja. Ana ukoo mzima wa virusi, na matawi ya ukoo huo hayalali chumba kimoja.

Tuanze na karani. Maelekezo ya kirusi hiki yana herufi kama 9,700. Kikishaingia kwenye seli, kimeng'enya chake kinayanakili kutoka RNA, maandishi ya kirusi, kwenda DNA, maandishi ya seli. Huyu ndiye karani ninayemsema. Ana mkono mwepesi na hasomi tena alichoandika. Anakosea herufi kama 3 katika kila 100,000, kwa hiyo katika kila nakala tatu au nne, moja ina kosa jipya. Mnaweza kusema si mbaya. Sasa, mtu asiyetumia dawa hutengeneza virusi vipya kama bilioni 10 kwa siku. Kila siku, Jumapili na sikukuu zimo. Piga hesabu mwenyewe.

Tena virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya seli moja, karani anaweza kuanza kunakili huku akamalizia kule. Ndiyo maana wataalamu waliolinganisha mwaka 2001 walikuta tofauti za VVU ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja zinakaribiana na tofauti za virusi vya mafua vya dunia nzima kwa mwaka.

Kipimo chako cha wingi wa virusi kinachukua damu. Lakini damu ina kama asilimia 2 tu ya limfosaiti zote za mwili, yaani zile seli nyeupe ambazo CD4 ni sehemu yake. Zilizobaki ziko kwenye utumbo, bandama, na tezi, zile zinazovimba shingoni na kinenani tukaziita mitoki. Damu ni barabara. Ukisimama Chalinze ukahesabu mabasi utajua siku hiyo watu wanasafiri kiasi gani. Hutajua nani amelala Turiani.

Naendelea kesho, chai inapoa.

#2 Mkubwa Jalala

Nimeweka kiti mbele kabisa. Endelea mkuu.

#3 Ndia Kuu

Pipeti, mimi ni mtu wa Lamu, nimezaliwa huko na kukulia huko. Sisi tunasema *ndia*, *mato*, *ndoo*. Nyinyi mnasema njia, macho, njoo. Lugha ni moja, tofauti imekuja kwa kukaa mbalimbali. Ndivyo unavyomaanisha kuhusu hivi virusi, ama nimepotea?

#4 Pipeti

Ndia Kuu, hujapotea hata kidogo. Mfano wako unashinda wangu wa mabasi, nauchukua.

Pale Kariakoo watu wa kila mkoa wanapishana kutwa. Mtu akija na lafudhi ya kwao, baada ya miaka miwili imechanganyika na ya wengine. Tezi, utumbo na damu ndiyo Kariakoo ya mwili. Seli za CD4 zinatoka kwenye tezi, zinapita kwenye damu, zinaingia kwenye utumbo, zinarudi. Kwa hiyo mara nyingi ukisoma virusi vya kwenye tezi na vya kwenye damu ya mtu yuleyule unakuta lafudhi ileile, au tofauti ndogo. Wengi hudhani kila kiungo kina kirusi chake. Si hivyo.

Ubongo ndio kisiwa. Kati yake na damu kuna ukuta wa mishipa unaochuja kila kitu. Haumaanishi VVU havifiki: kuna wagonjwa Bangkok waliopimwa mapema mno, virusi vikakutwa kwenye maji ya uti wa mgongo siku kama ya nane tangu kuambukizwa. Siku hizo za mwanzo bado vinasema lugha ya damu. Vimefika jana, vitasema nini kingine?

Shida ni kwamba huko ubongoni seli za CD4 ni chache. Wenyeji ni askari wa aina nyingine, makrofaji na ndugu zao mikroglia, ambao kazi yao ni kumeza takataka. Kirusi hushika kishikizo kinachoitwa CD4 (ndicho kilichozipa seli za CD4 jina) ili kifungue mlango wa seli, na wenyeji hawa wana vishikizo vichache sana kwenye ngozi yao. Kirusi cha kawaida kinateleza. Lakini kati ya wale mamilioni wenye makosa ya karani, kuna wanaoweza kufungua hata kwa kishikizo kimojamoja. Hao ndio wanaozaana kule. Miaka ikipita, na mtu hana dawa, unapata ukoo wa kisiwani.

Tofauti zinaonekana zaidi kwenye jeni iitwayo env, inayotengeneza koti la nje la kirusi. Jeni zinazotengeneza vimeng'enya hazichezi sana, kwa sababu ukiharibu injini gari haliendi, lakini rangi unaweza kubadilisha upendavyo.

Tunajuaje? Tunachora shajara, kama ile ya masharifu wa pwani: nani mtoto wa nani. Virusi vya mgonjwa mmoja tunavipanga wote, vya damu alama nyekundu, vya uti wa mgongo alama ya buluu. Nyekundu na buluu zikichanganyika ovyo, hakuna kisiwa. Buluu zote zikikaa tawi moja, hapo kuna jambo. Ili tusidanganywe na macho, kompyuta inazipangua rangi hizo kwa bahati nasibu mara elfu na kuhesabu: je, mpangilio tuliouona ungeweza kutokea hivihivi tu?

Naweka angalizo: hali hii haimpati kila mgonjwa. Wengine buluu na nyekundu zinabaki zimechanganyika mpaka mwisho. Inaonekana zaidi kwa waliokaa muda mrefu bila dawa na hasa walioanza kupoteza kumbukumbu na akili. Kwa watoto wadogo wa Malawi waliofanyiwa uchunguzi, wengine walikuwa nayo mapema kabisa.

#5 Sista wa Zamu

Naandika kutoka Kenya, mimi ni muuguzi. Hii mambo ya kisiwa nimeiona kwa macho yangu, acha niwape bila kutaja hospitali wala kaunti.

Tulikuwa na mgonjwa, baba wa makamo, yuko kwa dawa za mstari wa pili. Damu yake safi mwaka mzima, kadi inapendeza. Ni mke wake aliyegutuka. Alisema, "Sista, huyu mtu anatia chumvi kwa chai na anakunywa mpaka mwisho." Baadaye akaanza kusahau njia ya shamba lake mwenyewe. Tukafikiria vile kila mtu hufikiria: fangasi wa kwenye ubongo, TB, toxo, kiharusi. Yote hakuna. Maji ya uti wa mgongo yalipopelekwa kupimwa virusi, yakarudi na maelfu. Damu haina, maji ya mgongo yana maelfu! Na virusi vile vilikuwa na usugu kwa dawa aliyokuwa akimeza.

Dawa zikabadilishwa kufuata usugu uliosomwa kwenye yale maji, si kwenye damu. Baada ya miezi alirudi kliniki peke yake, kwa miguu, akanitania kuhusu ile chai.

Wataalamu wameona hali hii zaidi kwa wale walio kwa dawa kama atazanavir na lopinavir, ambazo hazipenyi sana ubongoni. Ni nadra, tafadhali msianze kuomba kuchomwa sindano ya mgongo kwa sababu umesahau ulipoweka simu.

#6 Mkubwa Jalala

Mimi nimesahau simu mara mbili leo. Sista umeniokoa.

#7 Mama Tunu

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Mimi nina swali ambalo siwezi kuliuliza kliniki mbele ya foleni. Mume wangu anaishi na virusi miaka sita, mimi sina. Majibu yake yanasoma havionekani. Tumeambiwa hawezi kuniambukiza. Sasa Pipeti unasema damu ni barabara tu. Je, kwenye shahawa? Hapo si kisiwa pia? Maana mmenipa hofu niliyokuwa nimeshaiweka chini.

#8 Pipeti

Marahaba dada. Nisamehe, ilibidi niliseme hili mapema. Nakujibu bila kuzungusha.

Ni kweli korodani na njia ya uzazi vinaweza kuwa kama kisiwa kwa mtu asiyetumia dawa. Wamekuta kwa baadhi ya wanaume virusi vya kwenye shahawa vina tawi lao. Kwa hiyo swali lako si la kijinga, wataalamu nao waliliuliza. Hawakutaka kubahatisha kutoka kwenye damu wala kutoka kwenye shahawa. Wakaenda kwenye nyumba zenyewe.

Utafiti ulioitwa PARTNER, huko Ulaya, ulifuata wapenzi ambao mmoja ana VVU anatumia dawa na mwingine hana, na hawatumii kondomu. Majibu ya kwanza ya mwaka 2016 yalikuwa ya jozi 888 za wenza, tendo la ndoa bila kondomu kama mara 58,000. Awamu ya pili, mwaka 2019, jozi 782 za wanaume wapenzi, zaidi ya mara 76,000. Maambukizi kutoka kwa mwenza ambaye virusi vyake havionekani kwenye damu: sifuri. Katika awamu zote mbili.

Lakini kuna watu waliopata VVU humo ndani, 11 awamu ya kwanza na 15 ya pili. Unaona mtego? Mtu angeweza kusema, "Si huyo hapo ameambukizwa!" Ndipo shajara ikafanya kazi. Walisoma jeni za virusi vya kila aliyeambukizwa wakazilinganisha na za mwenza wake wa nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyetoka tawi la mwenza wake. Vilitoka kwa mtu mwingine, nje. (Sitaki kufikiria mazungumzo ya nyumbani siku majibu yale yalipotoka.)

Kwa hiyo kwa kitanda chenu, mume akimeza dawa na kipimo kikaendelea kusoma hivyo, lala usingizi. Kisiwa kinahitaji virusi vinavyozaana, na dawa huvizuia kuzaana huko pia.

Maziwa ya mama yana hesabu yake. Hatari inashuka sana mama akiwa kwenye dawa, ila sifuri ya namna ile haijathibitishwa, ndiyo maana mtoto naye hupewa dawa ya kinga. Hilo fuata kliniki yako.

#9 Mama Tunu

Mungu akuweke. Nimesoma mara tatu.

#10 Kichwa Ngumu

Ngoja kidogo. Nimesoma kemia miaka ya nyuma, si mtaalamu ila si mjinga. Unachukua tone lenye virusi wachache, unawazidisha kwa mashine mara mamilioni ndipo unasoma. Hiyo mashine nayo inanakili, si ndiyo? Nayo haikosei? Na ukianza na virusi 3 ukazidisha ukapata nakala 40 zinazofanana, si utasema "hiki ni kisiwa" kumbe umesoma mtu mmoja mara 40? Nahisi nusu ya hivi visiwa mmevijenga wenyewe maabara.

#11 Pipeti

Kichwa Ngumu, jina lako limekaa vibaya, hili ndilo swali bora la uzi huu. Na jibu ni: ndiyo, vingine tulivijenga wenyewe.

Tafiti za zamani zilifanya hivyo hasa. Wakichukua sampuli yenye virusi vichache, wakaizidisha yote kwenye chupa moja, wakachagua nakala kadhaa wakasoma. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni hilo la kusoma mtu mmoja mara 40. La pili, mashine ikikatisha kunakili virusi vya huyu ikamalizia kwa vya yule, inazaa mtoto asiyekuwepo duniani. Unamchora kwenye shajara, unamtafutia baba, wala hana baba.

Siku hizi tunapunguza ukali wa sampuli kwa maji mpaka kila kitundu cha sahani kiwe na kirusi kimoja au kisiwe na kitu. Tunajua tumefika pale ambapo vitundu vingi vinabaki vitupu, kama theluthi moja tu vinatoa majibu, au chini ya hapo. Ukiona sahani nzima imewaka, umeharibu, unaanza upya. Ni kazi ya kuchosha isiyoelezeka. Sahani ya vitundu 96 inakupa labda virusi 25 vya kusoma, na umeme ukikatika kabla jenereta halijashika, unarudi nyumbani kulala.

Njia hii ilipoanza kutumika, visiwa kadhaa vilizama. Mfano ni maziwa ya mama na mlango wa kizazi. Ilionekana kuna kirusi cha pekee kule. Walipoangalia vizuri wakakuta yale matawi ya kule ni nakala zinazofanana herufi kwa herufi, si ukoo uliobadilika kidogokidogo. Ukiziondoa hizo pacha ukabakiza moja, waliobaki wanachanganyika na wa damu kama kawaida.

Sasa pacha zinatoka wapi, ikiwa karani ni mkosaji hivyo? Hapa ndipo penye utamu, na mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Pacha haziandikwi na karani wa kirusi. VVU vikishajichomeka ndani ya DNA ya seli, vinakuwa sehemu ya seli. Seli ikigawanyika kwa sababu zake, labda ina kazi ya kupambana na ugonjwa mwingine, inanakili DNA yake yote, na kirusi kimo humo. Karani wa seli ni mwangalifu, anasoma mara mbilimbili. Kwa hiyo seli moja inakuwa mbili, nne, elfu, zote zimebeba kirusi kilekile bila kosa. Ukizikuta kwenye utumbo na kwenye tezi za mgonjwa aliyetumia dawa miaka 10, hujaona virusi vinavyozaana. Umeona seli zinazozaana.

Na nyingi ya nakala hizo zilizochomekwa ni mbovu, zimekatika vipande, haziwezi kuamka. Zaidi ya 9 katika 10. Shida inaletwa na zile chache zilizobaki nzima.

Ubongo lakini haukuzama. Kwa baadhi ya wagonjwa matawi ya kule ni marefu, yana mabadiliko ya hatua kwa hatua, na yanashika seli za aina nyingine. Hicho ni kisiwa cha kweli.

#12 Kichwa Ngumu

Nimekubali. Sikutegemea.

#13 Lushois

Bandugu, jambo. Mie niko Lubumbashi, muvumilie Kiswahili chetu. Nilisoma kama sampuli mbili za zamani sana za VVU zinatoka Kinshasa, moja ya 1959 ni damu, ingine ya 1960 ni tezi ya mwanamuke, ilihifadhiwa ndani ya nta. Zinatofautiana sana. Ni kwa sababu moja ni damu na ingine ni tezi?

#14 Pipeti

Karibu sana kaka. Sampuli hizo zipo na ulivyozieleza ni sawa, ila sababu si hiyo. Hao ni watu wawili tofauti. Virusi vyao vinapishana herufi karibu 12 katika kila 100 kwenye sehemu zilizosomwa. Katika miaka ile hiyo ni tofauti ya ukoo uliokuwa umeshatawanyika mjini Kinshasa kwa miongo kadhaa, na ndiyo iliyowasaidia kukadiria kuwa VVU vilianza kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20.

Umenikumbusha jambo ambalo wengi huchanganya. Aina A, C na D tunazosikia huku kwetu ni tofauti kati ya watu, za tangu zamani. Tofauti za ndani ya mwili ni wajukuu wa kirusi ulichoambukizwa nacho. Tena maambukizi mengi ya mwanaume na mwanamke huanzishwa na kirusi kimoja tu kati ya wote waliovuka. Ukoo wote ninaouzungumzia tangu juzi, babu yao ni mmoja.

#15 Mkubwa Jalala

Sawa, nimeelewa visiwa. Sasa kuponya je? Kuna Mzungu alipona, sivyo?

#16 Pipeti

Timothy Ray Brown, aliyetibiwa Berlin. Alikuwa na saratani ya damu, akapandikizwa uboho mwaka 2007 na tena 2008 kutoka kwa mtu ambaye seli zake hazina mlango wa CCR5 ambao VVU vingi hupitia. Virusi havikurudi mpaka alipofariki mwaka 2020, na kilichomuua ni saratani.

Lakini kuna wa pili ambaye hatajwi sana, wa Essen, hukohuko Ujerumani. Alipandikizwa vilevile, mlango uleule umefungwa. Virusi vikarudi. Vilivyorudi vilikuwa vya tawi linalopitia mlango mwingine, CXCR4, ambavyo kabla ya upandikizaji vilikuwa wachache tu ndani yake. Yaani walifunga mlango wa mbele, na humo ndani kulikuwa na ndugu anayetumia wa nyuma.

Kwa waliobaki sisi wote, dawa inazuia kuzaana, haiamshi wala haiui vilivyolala ndani ya seli. Walipopima kasi ya ile akiba kupungua kwa mtu anayemeza dawa vizuri, inachukua kama miezi 44 kupungua nusu. Hesabu hiyo inakupa zaidi ya miaka 60 kuimaliza.

Na inalala wapi? San Diego, Marekani, kuna utafiti unaoitwa Last Gift. Wenye VVU ambao tayari wana ugonjwa usiotibika wanajitolea miili yao. Wakifariki, ndani ya saa chache vipande vinachukuliwa kila mahali, ubongo, utumbo, tezi, njia ya uzazi. Baadhi yao walikubali kuacha dawa siku za mwisho ili ionekane virusi vitaamkia wapi. Waliposoma shajara, vile vilivyorudi kwenye damu havikutoka kituo kimoja. Vilitoka sehemu mbalimbali kwa pamoja.

Basi kijana wangu wa wiki iliyopita, kama unasoma: ukipumzika dawa, hatujui kitaamka cha tezi, cha utumbo au cha ubongo. Kwa kawaida ni wiki chache tu barabara inajaa tena. Na karani anarudi kazini.

#17 Mgeni 77

Ni mimi niliyeuliza.

Sikuwa nimeandika ukweli wote. Nilikuwa nimeshaacha, siku tisa. Nilisafiri nikaogopa kubeba kopo, ninalala chumba kimoja na wenzangu wanne kazini. Jana usiku nimemeza. Kliniki yangu ni tarehe 14, nianze kusema nini?

#18 Pipeti

Usingoje tarehe 14, nenda kesho. Sema hivyohivyo ulivyoandika hapa: siku tisa, chumba kimoja, watu watano. Wataandika kupima tena wingi wa virusi, na huenda wakakupa dawa za miezi mingi kwa mkupuo ili usipite kliniki mara kwa mara.

Kuhusu kopo: muulize mfamasia kama vidonge vyako vinaweza kukaa kwenye chombo kingine kikavu chenye mfuniko mzuri, akuonyeshe.

#19 Sista wa Zamu

Na ni vidonge vikigongana ndani ya kopo ndivyo hupiga kelele kwa mfuko, Mgeni. Kile kipakiti kidogo cha kufyonza unyevu ukihamishe pamoja na dawa.